Mavumbi ya santuri hutoka na maji, si na mashine peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaandika kuhusu ule ukurasa wenu uliowaeleza wasomaji wa Lubumbashi namna ya kusafisha santuri za zamani, disiki kama wengi tunavyoziita hapa, kwa mashine ya ultrasoni, yaani tangi la maji yanayotikiswa kwa sauti isiyosikika. Tumefurahi kuona gazeti linashughulikia jambo hili. Nyumba nyingi za Kamalondo, Katuba na hata kule Likasi bado zina marundo ya santuri juu ya kabati na chini ya vitanda, na kila kiangazi mavumbi mekundu yanaziongezea tabaka jingine. Lakini maelezo yenu yana makosa matatu na pengo moja kubwa, na mtu akiyafuata kama yalivyo ataitoa santuri yake ikiwa mbaya kuliko alivyoiingiza. Mliandika kwamba njia hiyo ni salama kwa santuri zote. Mkashauri watu waazime tangi la gereji linalosafishia injekta za injini za dizeli. Mkasema pia watie alkoli ndani ya maji. Na juu ya kusuuza hamkusema neno.

Tuanze na hilo la santuri zote, kwa sababu haliwezi kungoja. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo zikianguka, si vinili, ile plastiki ya santuri za 33 na 45. Ni shelaki, yaani utomvu unaotolewa na wadudu, uliochanganywa na unga wa mawe na nyuzi. Alkoli inayeyusha shelaki. Haiipunguzii mng'ao tu: inaiyeyusha, na kuta za mfereji, ule mstari uliochongwa muziki, zinakwenda nayo. Mtu akiona kitambaa kimegeuka cheusi anadhani anatoa uchafu, kumbe anafuta wimbo. Ultrasoni nayo haiifai. Shelaki ya zamani mara nyingi ina nyufa ambazo jicho halizioni. Maji yakipenya humo kisha yakatetemeshwa mara 40,000 kwa sekunde, ufa hurefuka, na ukingo unaweza kumeguka.

Kwa Katanga hili ni jambo zito. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo, na muziki ule ulitoka kwenye santuri za 78. Kampuni ya santuri ya Ngoma ilianza Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948, na kazi zake za miaka ya mwanzo ni za 78 vilevile. Basi santuri zilizo adimu kuliko zote katika nyumba zetu ndizo hasa zisizotakiwa kutumbukizwa ndani ya mashine hiyo. Zisafishwe kwa mkono: ilaze santuri juu ya taulo safi, funika lebo, ile karatasi ya katikati, pitisha kitambaa laini kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi (yale ya batri, tutayaeleza chini) kwa kufuata mzunguko wa mifereji, suuza, kausha papo hapo. Dakika chache, bila kuiloweka, bila tone la alkoli. Kuitambua si kazi ngumu. Gonga ukingo kwa ukucha: shelaki inalia kama sahani na haipindi, vinili inatoa mlio mfu na inanesa kidogo. Na ukichungulia tundu la katikati ukaona rangi ya alumini, hiyo ni santuri ya laka, iliyochongwa moja kwa moja kama walivyofanya watu wa redio zamani. Hiyo usiiguse kwa maji wala kwa sindano. Mpelekee anayejua kuinakili.

Kuanzia hapa tunasema juu ya vinili tu, za mizunguko 33 na 45.

Mashine yenyewe inafanya nini? Chini ya tangi la chuma kisichoshika kutu vimegundishwa vitetemeshi. Vinatikisa maji kwa sauti ambayo sikio la mtu halisikii, kwa kawaida kilohezi 40, yaani zile mara 40,000 kwa sekunde. Maji yakivutwa na kusukumwa kwa kasi hiyo, ndani yake vinazaliwa vipovu visivyohesabika, vinakua kidogo kisha vinaporomoka. Kila kinachoporomoka karibu na ukuta wa mfereji kinarusha mchirizi mdogo wa maji, na mchirizi huo ndio unaong'oa mavumbi. Mfereji wa santuri ni mwembamba kuliko unywele, na ukinyoosha ule wa upande mmoja wa santuri ya sentimita 30 utapata karibu nusu kilomita. Hakuna brashi inayofika chini kabisa urefu wote huo. Maji yanafika. Ndiyo maana njia hii inastahili sifa mlizoipa. Zipo mashine za kilohezi 80 au 120. Vipovu vyake ni vidogo na vipole zaidi, na mwenye uwezo achague hizo. Ya kilohezi 40 inatosha ikiendeshwa vizuri.

Sasa lile tangi la gereji. Ni kweli mafundi wa dizeli wanayo, na kanuni ya kazi ni ileile. Ila tangi lililowahi kuoshea injekta limebaki na mafuta kwenye mishono na chini ya ukingo, hata likifutwa mara ngapi. Ukilijaza maji, mafuta hayo yanapanda juu na kutandaa kama ngozi nyembamba. Santuri inazunguka, kila sehemu inaingia na kutoka kupitia ngozi hiyo, na kila ikitoka inatoka imepakwa. Mavumbi ya kiangazi yakikuta mafuta, yanaganda. Tena baadhi ya matangi hayo hutumia kilohezi 28 au chini ya hapo, mapigo mazito yaliyokusudiwa chuma. Na mengi ni mafupi. Santuri ya sentimita 30 ikizamishwa kiasi kinachotakiwa, pale inapokata uso wa maji ina upana wa karibu sentimita 28. Tangi la urefu wa sentimita 24 haliipokei. Vile vimashine vidogo vya masonara ndiyo kabisa havifai.

Tangi linalofaa ni lile liitwalo la lita 6: urefu sentimita 30, upana 15, kina 15, vitetemeshi vitatu vyenye jumla ya wati 180, hita na saa. Liwe jipya, au liwe limetumika kwa maji ya sabuni tu. Kabla ya kuliamini, lipime. Weka maji, washa, ning'iniza wima kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, ile nyembamba, kwa dakika moja, bila kugusa chini. Kitoe ukiangalie ukielekea dirishani. Kinatakiwa kiwe kimejaa vitundu na vichomo vilivyotawanyika. Ukiona upande mmoja uko laini kama ulivyoingia, kitetemeshi cha upande huo kimekufa, au maji hayajaondolewa hewa. Hewa ndiyo kosa la kawaida zaidi: maji mapya yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, nayo inafanya kazi kama mto wa sufi, inameza mapigo yote. Acha mashine iungurume dakika 10 bila santuri, utaona vipovu vikipanda na kwisha. Halafu rudia kipimo.

Santuri hazilazwi ndani ya tangi. Zinapangwa kwenye mhimili ulio juu ya maji, zikizunguka polepole, sehemu yake tu ikiwa imezama. Hapo hesabu inataka uangalifu. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 15. Lebo inachukua 5 za mwanzo. Mfereji wa mwisho wa muziki uko karibu na sentimita 6. Basi uso wa maji uwe sentimita 5.5 chini ya mhimili: muziki wote unaoga, karatasi ya lebo inabaki nusu sentimita juu ya maji. Ukijaza maji kina cha sentimita 12, ukingo wa santuri unaelea sentimita 2.5 juu ya sakafu ya tangi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa santuri ikigusa chuma kinachotetemeka itachubuka. Hayo ni maji lita 5.4. Lebo ikingwe kwa kifuniko cha plastiki chenye sifongo au mpira wa kubana, maana maji yenye dawa ya kulowesha, tutakayoieleza chini, yanapanda yenyewe juu ya vinili kama mafuta ya taa kwenye utambi.

Kuna jambo ambalo hata wenye mashine za bei kubwa hawalihesabu. Kwa kipimo hicho, ukingo wa santuri unakuwa majini kama asilimia 38 ya muda, lakini mifereji ya ndani, karibu na lebo, inakuwa majini asilimia 13 tu. Ukisema umeosha dakika 5, nyimbo za mwisho wa upande zimeoga sekunde 40. Nazo ndizo za kwanza kukwaruza, kwa sababu huko ndani mawimbi ya muziki yamebanwa zaidi na sindano inapata taabu kuyafuata. Kwa hiyo tunaosha dakika 16, mzunguko mmoja kwa dakika 2, yaani mizunguko 8. Ndani inapata dakika 2 kamili, ukingo unapata 6. Zaidi ya hapo hatuoni faida.

Mota ya kuzungushia watu wanaichomoa kwenye oveni ya maikrowevu iliyokufa, ile inayozungusha sahani ya kioo. Wazo zuri, lakini inazunguka mara 5 au 6 kwa dakika, na kasi hiyo inachota maji na kuyarusha juu ya lebo. Kuipunguzia umeme hakusaidii: mota za aina hiyo zinafuata mapigo ya kuranti, yaani ya umeme, si nguvu yake, zitazunguka vilevile au zitasimama. Ipunguze kwa makapi, yaani magurudumu mawili ya kupitishia mkanda, dogo la sentimita 1.5 upande wa mota na kubwa la sentimita 15 upande wa mhimili. Soma pia maandishi ya mgongoni kabla ya kuiunga, kwani nyingine ni za volti 21, si 220, na zitaungua mara moja.

Kwa upana wa sentimita 15, santuri nne zinatosha, zikiachana sentimita 3. Tumeona watu wakipanga nane au kumi. Mawimbi ya kilohezi 40 ndani ya maji yana urefu wa karibu sentimita 3.7, santuri zikisongamana zinakingiana, na zile za katikati zinatoka na mavumbi yake yote. Za 45, zile ndogo za sentimita 17.5 zenye tundu pana katikati, zinahitaji kishikizo cha kujaza tundu na mhimili mwingine ulioshushwa, kwa kuwa kutoka lebo hadi ukingo wake ni kama sentimita 4 tu. Usizichanganye na kubwa kwenye mhimili mmoja; ama ndogo hazitagusa maji, ama lebo za kubwa zitazama.

Na usiwashe ultrasoni santuri ikiwa imesimama. Mota kwanza, ndipo mawimbi. Wakati wa kumaliza, mawimbi yazimwe kwanza, ndipo mota. Kuranti ikikatika katikati ya kazi, zinyanyue santuri, chomoa waya ukutani, na usirudishe hadi umeme utulie. Umeme unaorudi kwa kishindo ndio unaoua kadi ya mashine hizi, kile kibao cha umeme kilicho ndani. Stabilizateri, kifaa cha kutuliza umeme, ni bei ndogo kuliko kadi mpya. Tangi lisiwashwe kamwe likiwa tupu, vitetemeshi vitaungua. Wala usitie kidole ndani kujaribu.

Tumefika kwenye maji, na hapa ndipo penye shina la barua yetu.

Angalia ndani ya birika lako la chai. Kama lina ukoko mweupe, basi maji ya bomba lako yana chokaa, na ukoko uleule utabaki ndani ya mfereji wa santuri ukiyaacha yakauke humo. Maji yanayotakiwa ni yale yasiyo na chumvi yoyote, wanayouza kwa ajili ya batri za magari. Lakini soma chupa mara mbili. Dukani, maji ya batri na asidi ya batri hukaa rafu moja, kwenye vidumu vinavyofanana. Asidi ni nzito mkononi kuliko maji, na itakuunguza. Hata maji yenyewe yapime: dondosha tone moja juu ya kioo cha kujitazamia, liache likauke lenyewe kivulini, kisha liangalie kwa ubavu kwenye mwanga. Likiacha duara jeupe, hata jembamba kama uzi, usiyatumie. Maji mazuri hayaachi alama. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati yana mavumbi ya bati na masizi. Nayo yatashindwa kipimo hicho.

Maji matupu, hata yakiwa safi namna gani, hayapendi kuingia kwenye mfereji. Yanajikunja kuwa matone na kukaa juu. Yanahitaji dawa ya kulowesha. Iliyo nzuri ni ile ya wapiga picha, wanayosuuzia filamu isiwe na madoa. Mililita 5 kwa tangi zima la lita 5.4 zinatosha, na upime kwa seringi ya farmasi. Hicho hakifiki robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kwa ajili ya filamu, na watu wanashawishika kuongeza. Wasiongeze: povu likifunika uso wa maji ni dalili kwamba umezidisha, na dawa iliyozidi haitoki kwa kusuuza mara moja. Sabuni ya vyombo ina manukato, rangi na chumvi, vyote vinabaki. Asiye na njia nyingine atie matone mawili au matatu ya ile isiyo na rangi, na asuuze mara mbili.

Mlishauri alkoli ndani ya tangi. Sisi tunakataa hata kwa vinili. Tangi la wazi lenye maji ya uvuguvugu linatoa mvuke wa alkoli muda wote, juu yake kuna mota na nyaya, na katika nyumba zetu mbabula, jiko la makaa, haiko mbali. Kama santuri ina ukungu mweupe wa masika, iguse nje ya tangi kwa kitambaa chenye sehemu moja ya alkoli ya farmasi na sehemu nne za maji ya batri, haraka, kisha isuuze. Hapo alkoli ina kazi. Ndani ya tangi haina.

Joto liwe kati ya digrii 30 na 35. Asubuhi ya Juni au Julai maji yetu ni baridi kweli na hita ina kazi ya kufanya. Oktoba izime kabisa, kwa sababu mawimbi yenyewe yanapasha maji. Baada ya saa moja ya kazi mfululizo yanaweza kupita 40 bila mtu kugusa kitu. Weka kipimajoto cha kioo ndani, usiamini namba za mashine. Vinili iliyopata joto inapinda, na santuri iliyopinda hainyooki tena sawasawa.

Kabla ya tangi, santuri yenye tope kavu la mavumbi isuguliwe? Hapana. Mavumbi ya hapa ni udongo mwekundu wenye chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu mno kuliko vinili. Ukiupitisha brashi kavu unakuwa unachora mistari. Mwagia kwanza maji ya chupa ya kupulizia, yabebe chembe kubwa, kisha pitisha brashi laini yenye maji na dawa, kwa kufuata mfereji, kamwe si kwa kuukata. Hatua hii pia inalainisha ule utando wa moshi wa mbabula na mafuta ya vidole ambao ultrasoni peke yake, kwa dakika 16, mara nyingi inaushindwa.

Baada ya tangi ndipo pengo lenu lilipo. Fikirieni kinachotokea. Mavumbi yaliyokuwa yamekwama chini ya mfereji yameng'olewa, yanaelea. Santuri inatoka imebeba maji ya tangi, na ndani ya maji hayo mna mavumbi hayo na dawa. Ikiachwa ikauke hivyo, maji yanapaa, mavumbi yanabaki, tena sasa ni laini zaidi, yametawanyika kila mahali, na dawa iliyokauka imeyagundisha. Mtu anaipiga, anasikia inakwaruza kuliko jana, anasema mashine ni uongo. Mashine ilifanya kazi yake. Yeye aliyarudisha mavumbi kwa mkono wake.

Kwa hiyo kuwe na beseni la pili lenye maji ya batri matupu, bila dawa. Zungusha santuri humo mizunguko kadhaa, au ishike wima na kuipulizia kila upande hadi maji yanayodondoka yasiwe na povu. Kama mililita 100 kwa upande zinatosha. Halafu iache isimame wima kwenye kibao cha kukaushia vyombo, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, na juu yake tandika kitambaa cha neti kisichogusa. Katika kiangazi saa moja inatosha. Wakati wa mvua ngoja zaidi. Feni inaleta mavumbi ya chumba kizima. Jua na mashine ya kukaushia nywele vinapinda vinili. Kitambaa kikavu kinaijaza umeme tuli, na umeme huo unaita mavumbi kama asali inavyoita sisimizi. Ikikauka, isirudi kwenye karatasi yake ya zamani, ambayo ndani yake mna mavumbi ya miaka. Ipate mfuko mpya wa nailoni laini isiyo na harufu. Plastiki ngumu yenye harufu kali inanata kwenye vinili na kuacha ukungu usiotoka.

Maji ya tangi nayo yanachoka. Usiku, zima taa, choma mwanga wa tochi kupitia maji kutoka upande mmoja. Maji mapya hayaonyeshi kitu. Ukiona mwanga umesimama ndani kama fimbo nyeupe, hayo ni mavumbi yanayoelea, na santuri inayofuata itaogeshwa kwa uchafu wa iliyotangulia. Bila kichujio tunabadilisha baada ya santuri 20, hata kama zilioshwa kwanza kwa mkono. Mwenye pampu ndogo na kichujio cha mikroni 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita, anaweza kwenda mbali zaidi. Aendeshe pampu kati ya zamu na zamu, si wakati mawimbi yanafanya kazi, kwa maana pampu inarudisha hewa kwenye maji.

Jinsi ya kujua kama kazi imefaulu: safisha sindano, piga upande mmoja, kisha iangalie kwa kioo cha kukuzia. Sindano tupu na inayong'aa maana yake mfereji ni safi. Ikibeba kidonge cha vumbi la kijivu, mavumbi yaling'olewa lakini hayakutolewa. Rudia, na safari hii suuza zaidi. Sikiliza pia. Mlio unaorudi kila sekunde 1.8 kwenye santuri ya 33, au kila sekunde 1.33 kwenye ya 45, ni mkwaruzo unaokata mifereji, na hakuna maji duniani yatakayouondoa. Milio inayokuja ovyo bila mpango ndiyo mavumbi. Kwaruzo la kudumu linalofuata sauti ya mwimbaji anapopandisha, hilo ni mfereji uliolika kwa sindano kuukuu, na wasomaji wasidanganywe kwamba litapona.

Tunaomba, Ndugu Mhariri, sahihisho kuhusu santuri za 78 lichapishwe katika toleo lijalo, mahali palepale ilipochapwa habari ya kwanza, kabla mtu hajaipeleka gereji santuri ya babu yake.

Mafundi wa vyombo vya muziki,
Kamalondo, Lubumbashi